Tulivyofeli Umaskini

Tarehe 3 Februari

Kaka,

Sisi hatujambo, isipokuwa shemeji yako, ambaye hajambo kuanzia kiunoni kwenda juu. Mwezi uliopita aliteleza kwenye jukwaa akipiga plasta ghorofa ya pili, akaanguka, nyonga ikavunjika. Mwenye jengo alimleta nyumbani kwa mkokoteni wa saruji. Alimshusha mlangoni, akamshukuru Mungu kwamba mfuko wa saruji aliokuwa ameubeba fundi haukupasuka, akageuza mkokoteni akaenda zake.

Hospitali wanasema lazima apasuliwe atiwe chuma, na isicheleweshwe, mfupa ukijiunga wenyewe utajiunga upande na hatasimama tena. Mwenye kadi ya msaada anapasuliwa bure. Asiye na kadi anatajiwa bei, na hata daktari alipoitaja alitazama dirishani.

Basi tukaomba kadi. Kamati ya msaada ya mtaa ikaja kutukagua: Mwenyekiti, bwana mwenye tumbo la kutangulia, na karani wake wa kike asiyeinua macho kwenye karatasi. Nilijua wageni wanakuja, nikafanya kama mama alivyotulea. Nilifagia, nikapiga deki, nikaosha mapazia, nikatoa vile vikombe sita vya harusi. Mwenyekiti hakunywa. Aliupapasa ukuta wa sebuleni kama mtu anayepapasa ng'ombe wa kununua. Shemeji yako kitandani uso ukamng'aa. Akasema, "Mchanga wa mto huo, nimeuchekecha mara mbili. Weka rula popote, hutaona mwanga chini yake." Kaka, mume wangu alikuwa anajisifu na karani alikuwa anaandika.

Jibu limekuja: "Mwombaji haonyeshi dalili za kutosha."

Wewe ndiyo kazi yako huko, kukagua maskini. Niambie, dalili ni zipi? Na kama unaweza, mwandikie Mwenyekiti wetu neno moja tu, mkaguzi kwa mkaguzi. Sijawahi kukuomba kitu tangu uhamie huko.

Wako, mdogo wako anayekukumbuka.


Tarehe 11 Februari

Mdogo wangu,

Poleni. Habari za shemeji zimenisikitisha, ingawa kusema kweli barua yako ilinichosha kabla haijanisikitisha. Miaka yote hii nakula mkate wa kazi hii, na ndugu yangu wa damu anafeli ukaguzi kama mgeni.

Sikiliza. Watu wa siku hizi hawajui kuwa maskini. Zamani fukara ulimwona toka barabarani, humhitaji hata kumuuliza. Sasa unaingia kwa mtu anayelia njaa unakuta kitanda kimetandikwa. Mimi nikikuta vikombe vinavyofanana, nimeshamaliza kazi. Dhiki ya kweli haina seti. Nikikaribishwa kiti, napunguza alama. Nikiulizwa watoto wangu hawajambo, napunguza tena, kwa sababu mtu aliyebanwa hasa hana nafasi ya kujali watoto wa mwingine. Mapazia yaliyofuliwa ni kiburi. Na mgonjwa anayejisifia mchanga, mdogo wangu, huyo hata ningekuwa mjomba wake ningemnyima.

Lakini kilichowaua ni ukuta. Ukuta wenye plasta unapunguza alama nyingi kuliko redio. Sisi hatuulizi nani aliupiga, kwa jasho la nani, kwa mabaki ya saruji ya nani. Ukuta ni ukuta.

Kuhusu neno kwa Mwenyekiti wenu, siwezi. Kazi yangu ina maadili. Tena usimtajie mtu yeyote kwamba una kaka mkaguzi. Nakulinda wewe, si mimi.

Kwa udugu nakushauri: chukueni nyundo, bandueni plasta upande wa mlangoni, kiasi cha mlango wenyewe. Vikombe vigawe kwa majirani. Kisha ombeni upya.

Kaka yako, mwenye haraka ya kwenda kazini.


Tarehe 20 Februari

Kaka,

Ushauri nimeupata. Vikombe nimevigawa, na majirani wawili sasa wanajivuna. Habari ya plasta nilimweleza shemeji yako polepole, kama unavyomweleza mtu kifo. Akaniambia nimletee nyundo. Nikafurahi. Akaitia chini ya mto, akalala juu yake. "Atakayeugusa ukuta wangu," akasema, "aanze na mimi. Mimi nimeshavunjika, sitampotezea muda."

Nikamwambia, "Baba, ni ukuta au mguu. Chagua."

Akasema mguu alipewa bure, ukuta aliujenga.

Nilikaa nje nikashona magauni ya watu kwa hasira mpaka sindano ikakatika. Hapo ndipo jirani yangu muuza mkaa akaniuliza kwa nini nahangaika na ukuta wangu wakati kuna ukuta wa kukodi. Nilidhani ananitania. Kaka, kuna mwanamke hapa mtaani, tunamwita Mama Dhiki, ana chumba cha uani ambacho hakikaliwi na mtu. Kazi yake ni kukaguliwa. Mwombaji anaandikisha anwani ya pale, siku ya kamati anahamia asubuhi na jioni anarudi kwake. Nimekwenda kukiona. Kina kitanda kilichoinama upande mmoja, sufuria isiyo na kifuniko wala kishikio, mkeka uliotafunwa, na bati lenye tundu juu ya kitanda, siyo pembeni, maana pembeni halionekani vizuri. Ufa wa ukutani unatoka darini mpaka sakafuni kama mto kwenye ramani. Nyumba yake mwenyewe, hapohapo mbele, ina vigae mpaka jikoni. Malipo yake kwangu ni kumshonea mapazia ya vyumba vyote.

Anatoa na mafunzo. "Usiseme karibuni," ananiambia, "sema mmekuja. Usisimame haraka. Ukiulizwa mnakula nini, tazama sufuria, usijibu." Nilimuuliza kama kamati haijastuka, kukuta familia mbalimbali kila mara na sufuria ileile, tena sisi wameshatukagua kwetu. Akanitazama kama mtoto. "Wamestuka nini? Wenyewe wanataka umaskini wanaoujua."

Nimeshaomba upya kwa anwani ya pale. Shemeji yako amekubali kubebwa, kwa sharti tusiubandue ukuta wake kamwe. Nimeapa.

Huko kwenu vyumba kama hivi vipo?

Dada yako.


Tarehe 28 Februari

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nimeketi, nikaisoma tena nimesimama. Unalotaka kufanya ni kuidanganya kamati. Ni kosa, na mimi kama mtumishi wa umma sijasoma ulichoandika. Kwetu huku hakuna chumba cha namna hiyo. Kingekuwapo ningekijua, maana hakuna nyumba ya fukara ambayo sijaingia.

Hapohapo nikuambie, kwa elimu ya jumla tu, bila kukuelekeza: mtu akiingia kwenye chumba kama hicho asimlaze mgonjwa karibu na dirisha, mwanga unamfanya aonekane mzima. Blanketi liwe fupi, miguu itokeze. Na mkewe asilie. Wanaolia tumewazoea, tunawaandika wote mstari mmoja. Mwanamke anayekaa kimya akitazama mlango, kama anayemngojea mtu mwingine, huyo karani humwogopa na kumwandika vizuri.

Mweleze shemeji asiseme zaidi ya maneno mawili kwa swali. Mafundi wana midomo.

Ichome barua hii.

Kaka yako, ambaye hajakushauri kitu.


Tarehe 9 Machi

Kaka,

Barua yako sikuichoma, nilikuwa nimeibeba kifuani siku ya ukaguzi ili nisisahau kutazama mlango.

Mambo yalianza vizuri. Alfajiri muuza mkaa alimpakia shemeji yako kwenye mkokoteni wake tukamfikisha. Tukamlaza mbali na dirisha, miguu nje. Alitazama darini, akatazama ule ufa, akafumba macho. Nikamwambia, "Maneno mawili, baba." Akasema, "Nimesikia, mama." Hayo yalikuwa mawili, nikaona tumefaulu.

Kamati ikaja. Mle ndani kuna vigoda vitatu, viwili vimevunjika miguu na kimoja kizima, vyote vimepakwa matope vinafanana. Kaka, Mwenyekiti aliingia akizungumza na karani, uso kaugeuzia nyuma, na bila kutazama akanyoosha mguu akakivuta kile kizima akakalia. Karani akasimama pale ambapo bati halivuji. Ndipo nikaelewa kwamba mgeni mle ndani nilikuwa mimi.

Mwenyekiti akauliza, "Mzee, mnaishi hapa muda gani?"

"Muda mrefu."

"Mnakula mara ngapi?"

"Tukipata."

Nilitazama mlango mpaka karani akageuka kuona nani anakuja. Fomu yake, nilichungulia, ilikuwa imejazwa tayari, imebaki sahihi. Mwenyekiti akaifunika kalamu yake. Alikuwa anajinyanyua, kaka, goti moja limeshanyooka, akasema kwa wema kabisa, kama mtu anayeaga, "Na fomu inasema wewe ni mwashi. Kumbe nyumba hii umeijenga mwenyewe."

Ilikuwa aseme ndiyo. Neno moja, hata hayo mawili hakuyahitaji.

Akasema, "Hii?"

Nikakohoa.

"Mimi? Hii?"

"Si mbaya, mzee," akasema Mwenyekiti. "Kwa uwezo wako."

Kaka, nimeishi na mwanamume huyu tangu ujana, nimemwona akitukanwa na matajiri, akipunjwa ujira, akishushwa kwenye mkokoteni kama mzigo, na yote aliyameza. Lakini hilo la uwezo wake lilimkaa kooni. Alijiinua kwa viwiko. "Bwana mkubwa," akasema, "mimi sijengi banda la mbuzi. Ukitaka kuujua uwezo wangu nenda nyuma ya kinu cha kusaga, nyumba yenye mlango wa buluu. Papasa ukuta wowote. Ukipata mkwaruzo, rudi unikate na huu mguu mzima."

"Nyumba ya nani hiyo?" akauliza, kama asiyewahi kuipapasa.

"Yangu."

Karani akainua macho kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Ana macho mazuri, maskini. Dirishani nilimsikia Mama Dhiki akinong'ona kwamba mapazia nitayamalizia bure.

Mwenyekiti akamalizia kuinuka. Alitoka, akashika njia ya kinu. Nilimfuata mbio nikifikiri nitamlilia, liwalo na liwe. Aliingia sebuleni kwangu bila hodi, akapapasa ukuta. Akaugonga kwa kifundo cha kidole. Akaegemeza shavu lake ukutani, akafumba jicho moja, akatazama toka kona mpaka kona kama anayelenga bunduki. Akakaa hivyo muda. Karani akamuuliza aandike nini.

"Usiandike kwanza," akasema, wakaondoka.

Shemeji yako tulimrudisha jioni. Sijasema naye tangu siku hiyo, ila kumpa chakula na kumgeuza. Mguu unavimba usiku. Sasa wana ushahidi wa udanganyifu kutoka kinywani mwake mwenyewe. Kaka, kama neno lile lipo, liandike leo.

Dada yako.


Tarehe 15 Machi

Mdogo wangu,

Nimepata habari. Mambo ya huko naona yamechafuka, na huku mimi niko kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Tusiandikiane mpaka upepo utulie. Mkiulizwa, mlitenda kwa kutojua.

Poleni.

K.


Tarehe 2 Aprili

Kaka,

Ulisema tusiandikiane, lakini habari njema haihesabiwi.

Jumapili ile baada ya barua yako, Mwenyekiti alikuja peke yake, bila karani, amevaa kandambili. Niliona kandambili nikajua hajaja kwa serikali. Aliketi kando ya kitanda, akaanza kulalamika. Anajenga. Fundi wake wa kwanza amempigia plasta ukuta umekuwa kama uso wa mtu aliyepona ndui. Wa pili amekuja kurekebisha, sasa anazo ndui mbili. Mkewe hataki kuhamia.

Shemeji yako akasikiliza yote kwa uso wa daktari. Akauliza mchanga uliotumika ulikuwa wa wapi. Akaambiwa. Akatikisa kichwa taratibu, kama anayesema mgonjwa angeletwa mapema.

"Utapona lini?" akauliza Mwenyekiti.

"Sijapasuliwa, nitapona lini?"

"Utapasuliwa," akasema, akainuka.

Kadi ililetwa nyumbani, tena na karani mwenyewe. Katika barua iliyokuja nayo wameandika: "Mwombaji amethibitika kuwa katika dhiki isiyo na shaka." Anwani waliyoandika ni ya nyumba yetu, yenye mlango wa buluu. Ukuta ni uleule. Miezi miwili nyuma ulikuwa ushahidi kwamba tuna uwezo, sasa ni ushahidi kwamba hatuna, na haujaongezwa wala kupunguzwa mchanga. Upande wetu kuna mjane mmoja aliyenyimwa siku ileile tuliyonyimwa sisi. Yeye hana anachojua kujenga. Nilipomuuliza karani habari zake, alisema kamati inazingatia vigezo.

Upasuaji umefanyika. Chuma kimeingia vizuri. Daktari yuleyule sasa ananitazama usoni.

Tumeanza kusemezana, mimi na shemeji yako. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba dari ya hospitali imepigwa hovyo.

Dada yako.


Tarehe 10 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Furaha niliyo nayo siwezi kuieleza. Sasa naweza kukuambia nililolificha: kadi ile ni mkono wangu. Sikutaka kukupa tumaini la bure, ndiyo maana nilijifanya mgumu, lakini nilisema na watu fulani, nao wakasema na watu. Mambo haya hayafanyiki kwa barua. Hilo la kandambili na plasta ni njia ya Mwenyekiti ya kuficha kwamba aliguswa kutoka juu. Sisi wa ofisini tunajuana.

Nami nimepandishwa. Sasa nawakagua wakaguzi. Nimejitanua kidogo nyumbani, nimeongeza baraza mbele, nyumba ya mtu wa cheo haiwezi kuishia mlangoni. Limebaki kupigwa plasta. Mafundi wa huku ni kama hao wa Mwenyekiti. Nikafikiri, wa nini wageni ilhali shemeji yupo, na yaliyotendeka yametendeka? Akishapona aje, hata mwezi mmoja. Nauli juu yangu. Atalala hapohapo barazani, kuna hewa.

Kaka yako akupendaye.


Tarehe 30 Mei

Kaka,

Hongera ya cheo. Na asante kwa ule mkono. Nilimuuliza Mwenyekiti kwa njia ya mzunguko kama kuna mtu yeyote kutoka juu aliyemgusa. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema laiti kungekuwa na mtu juu anayejua kwamba mtaa huu upo.

Sasa habari za mgonjwa. Ukweli wa humu ndani ni kwamba alfajiri anatembea na fimbo mpaka kisimani na kurudi, na juzi nilimkuta amepanda kigoda anarekebisha ukingo wa dirisha. Daktari amemruhusu kazi nyepesi. Lakini kila Jumamosi Mwenyekiti anakuja kumkagua, apate kujua ataanza lini kwake, na kila Jumamosi akibisha hodi shemeji yako anaruka kitandani kwa wepesi ambao hata kabla ya kuvunjika hakuwa nao. Mwanamume aliyeshindwa kusema "ndiyo" moja ili kuokoa mguu wake, sasa anaugua kwa ufundi, na sijamfundisha. Ana mguno wa kupanda na mguno wa kushuka. Nilimuuliza mbona chumba cha Mama Dhiki kilimshinda. Akasema kule aliambiwa adanganye kwamba ni fundi mbaya. Huku anadanganya tu kwamba ni mgonjwa, na ugonjwa si aibu kwa mtu. Tena yule bwana hajamtajia ujira hata mara moja.

Nilishauri aanze kumfanyia kidogo kidogo, wasije wakaifuta kadi. Akaniambia niache. Fundi akimaliza ukuta husahaulika siku hiyohiyo. Maadamu ukuta haujamalizika, kadi ipo. Na alipomwambia Mwenyekiti kwamba yule mjane jirani ndiye anayejua kumkanda nyonga, na kwamba bila kukandwa hatashika mwiko kamwe, mjane akapata kadi yake wiki iliyofuata. Dhiki yake nayo haina shaka. Hajawahi kumkanda mtu maishani mwake.

Jumamosi iliyopita nilidhani tumekwisha. Alipitiwa. Mwenyekiti akauliza maumivu yako wapi, naye akashika mguu mzima, wa kulia, usio na chuma, akaugulia kwa sauti nzito. Nikasimama na birika mkononi nimeganda. Mwenyekiti akausogelea mguu ule, akauwekea kiganja chake juu, akautazama kwa makini kama mkaguzi, akaupa pole. Akanigeukia akaniambia kwamba anaona umeanza kupungua uvimbe.

Kuhusu baraza lako, nimemsomea barua yote, mpaka hapo penye hewa. Anakusalimu sana. Anasema hali yake bado, asikudanganye. Lakini kwa kuwa sasa unakagua hata wakaguzi, hapendi ulichukue neno lake hivihivi. Njoo uthibitishe mwenyewe, tangu aanguke hujamwona. Ila tuandikie siku utakayofika, ili mgonjwa aamue mapema ni mguu gani.

Dada yako, wa mlango wa buluu.